Habari za Kitelezi wa Australia, Mnyama Apitaye Hewani Bila Mabawa

Leo twataka kuwapa habari za mnyama mdogo wa nchi ya mbali, lakini hukaa katika miti ambayo ninyi mwaijua vizuri. Mkaratusi mwaujua. Umepandwa kando ya barabara, penye viwanja vya shule na penye mipaka ya mashamba. Mwati nao wajulikana, hasa katika nchi za juu zenye baridi, kama vile Njombe katika Tanzania na milima ya Kenya, ambako watu hutumia gome lake kwa kazi ya ngozi, na mti wake kwa kuni na makaa. Miti hiyo yote miwili asili yake si kwetu. Asili yake ni Australia. Mbegu zake zilivuka bahari zikaja, zikapandwa, zikaota. Lakini wanyama wakaao katika miti hiyo huko kwao hawakuja. Mmoja wao ndiye tutakayesema habari zake.

Labda mtu atauliza, kwa nini tujifunze habari za mnyama ambaye hayuko kwetu? Sababu ni mbili. Ya kwanza, mnyama huyu ni ajabu kwa jinsi mwili wake ulivyopatana na nchi yake. Ya pili, watu wengi wa miji ya mbali wamemchukua wakamtia nyumbani mwao ili wamchezee, na yaliyompata humo ni mafundisho kwetu sisi wenye komba katika miti ya nyuma ya nyumba, ambao watoto wetu mara nyingine hurudi na kitoto cha komba mkononi wakisema, "Baba, tumfuge."

JINA LAKE NA UMBO LAKE

Watu wa Australia wasemao Kiingereza wamempa jina lenye maana ya "mtelezi wa sukari", kwa sababu huteleza hewani na hupenda vitu vitamu. Wataalamu walimpa jina la Kilatini, Petaurus breviceps, nalo maana yake ni kama kusema "mcheza kamba mwenye kichwa kifupi". Kwa Kiswahili hana jina la zamani, kwa kuwa hajapata kuwa mnyama wa kwetu. Basi katika habari hizi tutamwita kitelezi. Kwa muda mrefu vitelezi wa namna hii walihesabiwa kuwa jamii moja tu. Mwaka 2020 wataalamu walieleza ya kwamba wale wa Australia ni jamii tatu zilizo karibu sana kwa umbo na mwenendo. Habari tutakazotoa hapa ni zile zinazofanana kwa wote.

Mtu amwonapo mara ya kwanza atasema, "Huyu ni kuchakuro." Lakini si kuchakuro, wala si panya. Mwili wake, tangu pua hata shina la mkia, ni sentimeta 16 hata 20, haufiki shubiri moja ya mtu mzima. Mkia wake ni mrefu kama mwili, nao una manyoya mengi. Uzito wake ni gramu 100 na kidogo zaidi, yaani kama mayai mawili ya kuku. Manyoya yake ni laini sana, rangi ya kijivu mgongoni na nyeupe-nyeupe tumboni, na mstari mweusi watoka katikati ya macho yake ukapita juu ya kichwa na mgongo. Macho ni makubwa na meusi, maana yeye hutembea usiku.

Jambo kubwa la kumtambulisha ni mfuko. Jike ana mfuko wa ngozi tumboni, na humo hulea mtoto wake, kama afanyavyo kangaruu. Basi kitelezi, ingawa aonekana kama kuchakuro, ni jamaa wa kangaruu.

NAMNA APITAVYO HEWANI

Kila upande wa mwili wake, kati ya mkono na mguu, pana ngozi nyembamba yenye manyoya. Ngozi hiyo huanza katika kidole cha mwisho cha mkono, ikaenda hata kidole cha kwanza cha mguu. Akiwa ametulia, hujikunja ubavuni kama pindo la nguo, hata huwezi kuiona vema. Lakini atakapo kuvuka, hujirusha kwa nguvu ya miguu ya nyuma, kisha hutanua mikono na miguu yote minne. Mara ile ngozi huwambwa kama ngozi ya ngoma, na hewa humchukua.

Tusiseme ya kwamba huruka kama ndege. Ndege hupiga mabawa yake akapanda juu. Popo naye vivyo hivyo. Kitelezi hawezi kupanda hewani hata kidogo. Yeye hushuka tu, ila hushuka kwa mshazari. Kwa kila mita 1 ashukayo, husonga mbele karibu mita 2. Kwa hiyo akiondoka juu ya mti mrefu wa mita 25, aweza kufikia shina la mti ulio mbali kiasi cha mita 50, yaani nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Akitaka kugeuka, hulegeza ngozi ya upande mmoja akaikaza ya upande wa pili, na mkia humsaidia asipinduke. Akikaribia mti, huinua kichwa na kifua juu, mwendo hupungua, naye hushika shina kwa makucha ya miguu yote minne. Kisha hupanda tena, ili apate urefu wa kumpeleka mti mwingine.

Faida ya mwendo huu ni nini? Faida ya kwanza ni kuokoa nguvu. Mnyama wa gramu 100 akitaka kushuka mti, kutambaa chini na kupanda mti mwingine, na kufanya hivyo usiku kucha, atachoka kabla hajashiba. Faida ya pili ni salama, maana chini wako adui. Kitelezi aliye chini ni kama samaki aliye pwani: mwendo wake ni mzito, na hana pa kujificha.

Wala si yeye peke yake aliyepewa kipaji hiki. Katika misitu ya Kongo, ya Uganda, na sehemu nyingine za Afrika, yuko mnyama wa jamii ya watafunaji, mwenye magamba chini ya shina la mkia, naye pia ana ngozi ya kutanda ubavuni na huteleza hewani toka mti hata mti. Yale magamba humsaidia kushika gome asiteleze. Mnyama huyo na kitelezi wa Australia si ndugu kabisa: mmoja ana mfuko, mwingine hana. Lakini maisha ya juu ya miti yamewaletea wote wawili chombo cha namna moja, kama vile mafundi wawili wa nchi mbalimbali, wasioonana kamwe, wawezavyo kuchonga mashua zinazofanana, kwa kuwa maji ni yale yale.

CHAKULA CHAKE

Jina la sukari lisitudanganye. Ni kweli hupenda utamu, lakini utamu wake si sukari ya dukani wala embe lililoiva. Wakati wa baridi, chakula chake kikubwa ni gundi itokayo katika miwati na miti mingine ya jamii ya mgunga, na utomvu wa mikaratusi. Hutoboa gome kwa meno yake ya mbele ya chini, kisha huramba kitokacho. Miti ikitoa maua, hunywa maji matamu yaliyomo ndani ya maua, na hapo huchukua chavua usoni mwake akaipeleka ua jingine, kama nyuki. Wakati wa joto hula wadudu kwa wingi: nondo, mende wa miti, viwavi na buibui. Mara nyingine hula hata mayai na makinda ya ndege.

Angalieni basi: chakula chake hubadilika kwa majira, nacho ni cha namna nyingi. Gundi humpa nguvu, wadudu humpa mwili. Kimoja bila kingine hakimtoshi. Neno hili tutalikumbuka tutakapofika habari za kumfuga.

Na ikiwa chakula ni haba na baridi ni kali, anayo hila nyingine. Hujikunja katika tundu lake, akauacha mwili wake upoe, hata joto lake likashuka chini ya nyuzi 20, na moyo hupiga polepole. Hukaa hivyo saa nyingi kama aliyezimia, na kwa njia hiyo hutumia akiba kidogo tu ya mwili wake. Hali ya hewa ikifaa, mwili hupata joto tena, naye huamka akaenda zake.

JAMAA YAKE NA WATOTO WAKE

Kitelezi hakai peke yake. Huishi katika jamaa ya wakubwa kama saba na watoto wao, katika tundu moja la mti mkubwa. Ndani ya tundu huweka majani makavu, na majani hayo huyachukua kwa kuyazungushia mkia, kama mtu achukuavyo mzigo wa kuni kwa kamba. Mchana kutwa hulala wamejikusanya pamoja kama mpira mmoja wa manyoya, kila mmoja akimpa mwenziwe joto.

Wao hutambuana kwa harufu. Dume mkubwa wa jamaa ana kipara kidogo juu ya kichwa, na hapo ngozi yake hutoa mafuta yenye harufu. Huwasugua wenziwe kwa mafuta hayo, hata jamaa nzima hunuka harufu moja. Mgeni asiye na harufu ile akiingia hujulikana mara moja, naye hufukuzwa kwa kuumwa. Tena wana sauti zao: kukiwa na hatari, mmoja hubweka kama kitoto cha mbwa, na wengine hufahamu.

Jike huchukua mimba siku 16 tu, kisha huzaa mtoto mmoja au wawili. Mtoto azaliwapo ni mdogo kama punje ya mchele, hana manyoya, wala haoni. Juu ya udogo huo hutambaa mwenyewe juu ya manyoya ya mama yake mpaka kuingia mfukoni, akashika titi, asiliachie. Hukaa mfukoni kiasi cha siku 70. Akitoka humo hukaa katika tundu pamoja na jamaa muda wa wiki kadha wa kadha, kisha huanza kufuatana na wakubwa usiku, kidogo kidogo, mpaka ajue miti yenye gundi na njia za kuiendea.

ADUI ZAKE NA NYUMBA YAKE

Adui zake wa asili ni bundi, nyoka na kenge wa huko. Tena paka na mbweha walioletwa Australia na wageni kutoka Ulaya humdhuru sana. Lakini hata adui hawa si kitu kama ukosefu wa nyumba. Tulisema ya kwamba hulala katika tundu la mti mkubwa. Tundu la namna hiyo halichimbwi na yeye. Hufanyika polepole, tawi likivunjika, mti ukioza ndani, mchwa na moto wakifanya kazi yao. Katika mikaratusi ya Australia tundu la kutosha huchukua miaka 100 na zaidi kufanyika. Basi mtu akikata mti mzee kwa saa moja, ameondoa nyumba ambayo wajukuu wa wajukuu wake ndio watakaoiona tena. Mikaratusi yetu ya kuuzwa kwa nguzo na kuni hukatwa ingali michanga, nayo haifikii umri wa kufanya tundu.

Tena msitu ukikatwa vipande vipande, na nafasi katikati ikizidi umbali awezao kuteleza, nafasi hiyo kwake ni kama bahari. Katika jimbo la Victoria, barabara kuu iitwayo Hume ilikuwa imewagawanya hivyo wanyama wa jamii kubwa kidogo iliyo karibu sana na huyu. Watu wa huko wakasimamisha milingoti mirefu kando ya barabara na katikati yake, wakafunga na kamba juu yake. Wanyama wale wakajifunza kupanda milingoti ile na kuvuka hewani juu ya magari. Hivyo twaona ya kwamba, binadamu akijua haja ya mnyama, aweza kutengeneza kidogo aliyoyaharibu.

MASHAKA YA TASMANIA

Kusini ya Australia kiko kisiwa kikubwa kiitwacho Tasmania. Zamani kitelezi hakuwapo huko. Alipelekwa na watu kutoka bara yapata mwaka 1835; twaambiwa walikuwa wa kufugwa, na wengine wakatoroka wakaingia msituni. Watu wa siku zile hawakuona neno. Mnyama mdogo mzuri namna ile atadhuru nini?

Lakini katika kisiwa kile yuko kasuku mmoja wa rangi ya kijani, arukaye kwa mwendo wa kasi sana, ambaye huzaa katika matundu ya miti ya Tasmania na si penginepo. Mwaka 2014 wataalamu walitangaza waliyoyaona walipochungulia matundu yale: kitelezi huingia usiku, akala mayai na makinda, na mara nyingi humwua hata kasuku mama aliyeatamia. Katika visiwa vidogo vya jirani ambamo kitelezi hayumo, makinda ya kasuku wale yalikuwa salama. Sasa kasuku huyo ni miongoni mwa ndege walio karibu kabisa kupotea duniani, maana kitelezi humla, na binadamu hukata miti yake.

Je, kitelezi ni mnyama mbaya? Hasha. Bara, alikozaliwa, wako bundi wakubwa na kenge wa kumpunguza. Tasmania aliwekwa na mkono wa mtu mahali pasipo pake, na hasara imewafikia wengine. Mnyama akihamishwa, mara nyingine huumiza mahali papya.

ANAPOFUNGWA NYUMBANI

Mara nyingine ni yeye mwenyewe anayeumia. Tangu miaka ya 1990 kitelezi amekuwa mnyama wa kupendwa sana na watu wa Marekani, na baadaye wa nchi nyingine nyingi. Wengi wa wale wauzwao Marekani asili yao ni upande wa magharibi wa kisiwa cha Nyugini, katika nchi ya Indonesia. Huuzwa kwa kusifiwa: ni mdogo, ni msafi, aingia mfukoni mwa koti, ampenda bwana wake. Hapo twakumbuka methali ya wazee: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Si kwamba sifa zile ni uongo wote. Lakini zimeacha kutaja nusu ya habari.

Kwanza, chakula. Mwenyeji asiyejua hupewa jina la "sukari" akadhani ni agizo la mganga. Humpa matunda matamu, asali na mkate. Mnyama hula kwa furaha akanenepa. Lakini chakula hicho hakina chokaa ya kutosha kwa mifupa. Siku zikipita mifupa hulainika, miguu ya nyuma hutetemeka, kisha hupooza kabisa. Na mnyama aliyeumbwa kuvuka mita 50 hewani huburuta miguu yake chini ya kitundu.

Pili, upweke. Tumesema ya kwamba hulala na jamaa yake na hunuka harufu ya jamaa yake. Akiwekwa peke yake, hata akishikwa na kubembelezwa saa moja kila siku, hubaki saa 23 hana mwenziwe. Wengi hukataa chakula, hujing'oa manyoya, na wengine hujiuma mikia na miguu yao wenyewe mpaka damu. Daktari aweza kufunga jeraha, lakini hawezi kumpa jamaa.

Tatu, usiku. Wakati watu wa nyumba wanapolala, yeye ndipo aamkapo. Hubweka, huruka huku na huku, hukojoa na kunya apitapo, na harufu ya dume ni kali. Mtoto aliyemtaka kwa machozi hulala fofofo, na mnyama hana wa kucheza naye. Mchana mtoto akitaka kumchezea, mnyama ataka usingizi, naye akiamshwa kwa nguvu huuma.

Nne, miaka. Kitelezi aliyetunzwa vema aweza kuishi miaka 10 hata 12. Mtoto aliyempata akiwa darasa la tatu atakuwa mtu mzima kabla mnyama hajafa. Wangapi wanaofikiri hesabu hiyo siku ya kununua?

Kwa sababu hizi, na kwa hofu ya yale yaliyotokea Tasmania, sheria za nchi zatofautiana. Katika Marekani majimbo ya California, Alaska na Hawaii yamekataza watu kuwafuga. Na katika Australia kwenyewe, New South Wales na Queensland haziruhusu watu wa kawaida kumweka nyumbani. Victoria huruhusu kwa kibali tu.

Hatusemi kwamba hakuna mtu hata mmoja awezaye kumtunza. Wako watu wanaoweka vitelezi wawili au zaidi pamoja, katika kitundu kirefu chenye matawi, pahali penye joto, wakawapa wadudu na chakula kilichopimwa, na mganga wa wanyama akawaangalia. Lakini kazi hiyo ni kubwa kuliko kazi ya kufuga mbuzi, na faida yake ni kutazama tu. Mbuzi, kuku na paka wamekaa na watu maelfu ya miaka, wakazoea nyumba zetu. Kitelezi aliyezaliwa ndani ya kitundu bado ana mwili na moyo wa msituni.

NA KOMBA WETU JE?

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatuna kitelezi, lakini tuna komba. Hawa si ndugu. Komba hana mfuko wala ngozi ya kutanda, naye ni jamaa wa mbali wa kima. Hata hivyo maisha yao yafanana sana. Komba naye ana macho makubwa ya usiku. Naye hula wadudu, matunda, na gundi ya migunga, akiikwangua kwa meno yake ya mbele. Wagema wa pwani wamjua kwa kupenda tembo katika vibuyu vyao. Naye mchana hulala pamoja na wenziwe. Hatelezi hewani, bali huruka kwa miguu: komba mdogo, ambaye uzito wake haufiki robo kilo, aweza kuruka juu moja kwa moja zaidi ya mita 2, yaani kupita kichwa cha mtu mrefu.

Liko jambo moja la komba ambalo kila mwanafunzi yafaa alijue. Komba mama aendapo kutafuta chakula, mara nyingi humwacha mtoto wake ameshika tawi katikati ya majani mengi, kisha humrudia. Mtoto hukaa kimya akimngoja. Mtu apitaye akamwona, na huruma ikamshika, husema, "Maskini, ameachwa na mama yake," akamchukua. Kumbe hakuachwa, aliwekwa. Na mama arudipo hukuta tawi tupu. Huruma ile, kwa kukosa maarifa, imekuwa wizi wa mtoto.

Basi twawashauri hivi. Mkimwona kitoto cha komba juu ya mti, mwacheni alipo, mkaondoke hapo upesi, mbwa na paka wafungwe. Akiwa ameanguka chini, naye hana jeraha, mtu mzima amwinue kwa kitambaa, amweke juu ya tawi la karibu, kisha watu wote waondoke. Mama hatakuja watu wakisimama. Akiwa ameumia, habari zipelekwe kwa maafisa wa wanyama wa mwitu. Asitiwe katika kikapu apewe uji na sukari. Katika Kenya na Tanzania ni kosa la sheria kumkamata mnyama wa mwitu au kumweka nyumbani bila kibali. Na kama akimwuma mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi, na mtu aende hospitali siku ile ile, maana meno ya mnyama wa mwitu yaweza kuleta maradhi makubwa.

Na ninyi wanafunzi mpendao wanyama, msidhani ya kwamba tumewanyima furaha. Ketini nje penye mgunga au mwembe saa moja ya usiku, pamoja na mkubwa wenu, mkae kimya na tochi yenye karatasi nyekundu mbele yake. Macho mawili yatang'aa katika majani. Mtamwona akijitayarisha, akiruka, akishika tawi jingine, akiramba gundi, akimwita mwenziwe kwa sauti ile kama ya mtoto aliaye. Andikeni mlivyoona: saa, mti, chakula, hesabu yao. Mkifanya hivyo mwezi mzima, mtajua habari za komba kuliko mtu aliyemfungia mmoja ndani ya kitundu mwaka mzima.

Wazee wamesema kila ndege huruka kwa ubawa wake. Kitelezi ana ngozi yake, na komba ana miguu yake, na kila mmoja ana miti yake na jamaa yake. Ukimwondolea hayo, ulichobaki nacho mkononi ni manyoya na macho tu.